Enzi za Wasuba wa Mbita

Shule zetu ziliwahi kuwafundisha watoto wa Kenya enzi za Waingereza: Warumi, Waanglo-Saksoni, kisha Wanormani waliovuka bahari mwaka 1066. Wasuba wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, nao wana enzi zao, na mtoto wa kisiwa cha Rusinga anastahili kuzijua kabla hajamjua mfalme yeyote wa London. Vita si kipimo kizuri cha enzi hizo. Kipimo ni nyumba: nani alimwoa nani, na mama alimbembeleza mtoto kwa lugha gani.

Kabla ya Wasuba, visiwani waliishi wawindaji, ambao wenyeji huwaita Watwa. Inaaminika wao ndio waliochora miviringo myekundu na myeupe katika miamba ya Mawanga na Kwitone kisiwani Mfangano. Wasuba walipofika waliiheshimu michoro hiyo. Mahali hapo pakawa patakatifu, pa kuombea mvua, na koo zikapatunza vizazi kwa vizazi.

Wasuba wenyewe ni Wabantu. Masimulizi yao yanasema walivuka ziwa kwa mitumbwi katika karne ya 18, wakikimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Kabaka huko Buganda. Walikaa Mfangano, Rusinga na pwani ya Gwassi, wakivua samaki, wakilima na kuwatahiri wavulana wao.

Enzi iliyowageuza zaidi ilikuja kwa ndoa. Wanaume Wasuba walitoa mahari, wakaoa binti za majirani Wajaluo, na hao binti wakaja na lugha yao. Mtoto hujifunza kusema jikoni kabla ya kujifunza barazani. Taratibu Kijaluo kikawa lugha ya nyumba, ya soko na ya urafiki. Tohara ikafifia, na kung'oa meno sita ya chini, desturi ya Wajaluo, kukashika nafasi yake. Hata mpango wa boma ukafuata: kijana akajengewa simba, kibanda chake karibu na lango. Mimi siiti hali hiyo kushindwa. Watu walipendana, wakazaa, wakazikana.

Lakini yaliyofuata hayakuwa hiari. Hadi mwaka 1902 pwani hii ilihesabiwa chini ya Uganda. Ndipo Waingereza wakaihamishia himaya ya Afrika Mashariki, na Wasuba wakawekewa mpaka kati yao na nchi ya asili yao. Malale yaliua watu wengi kandokando ya ziwa miaka hiyohiyo. Mwaka 1906 wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaandika sarufi ya Kijaluo na kuchapa vitabu vyake. Tangu hapo Msuba aliyetaka kusoma, kusali au kupata kazi alifanya hivyo kwa Kijaluo.

Waingereza walipaswa kulijua jambo hili la vitabu kuamua lugha ipi itadumu, maana lilitokea kwao. Wawelshi walipata Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1588, na Kiwelshi kipo hadi leo. Watu wa Cornwall hawakuipata, na kufikia mwisho wa karne ya 18 lugha yao ilikuwa karibu kutoweka.

Olusuba, lugha ya asili ya Wasuba, imepata Agano Jipya lake, ila kwa kuchelewa sana. Wilaya ya Suba iliundwa miaka ya 1990, sensa ya 2019 ikawahesabu Wasuba zaidi ya 150,000, na kila Desemba Rusinga hufanya tamasha la utamaduni. Mfangano kuna makumbusho ya jamii na redio ya Ekialo Kiona inayotangaza kwa Olusuba. Redio hiyo ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa sababu inaingia jikoni.

Kwa kweli Mfangano ndiko lugha ilikodumu. Rusinga imetenganishwa na Mbita na mkondo mwembamba, uliozibwa kwa tuta la barabara miaka ya 1980 na baadaye kujengewa daraja. Kuoana na kwenda sokoni ng'ambo kulikuwa rahisi tangu zamani. Mfangano bado ni safari ya boti, na umbali huo wa maji umewalindia wazee wake maneno ambayo wenzao wa Rusinga waliyaacha vizazi vilivyopita.