Jina kwenye orodha halimfanyi mwanafunzi kuwa mwanachama

Majuzi mwanafunzi wa mwaka wa nne alinijia ofisini na ombi ambalo wahadhiri tumelizoea. “Prof, naomba uniandikie barua ya mapendekezo. Nilikuwa kwa chama cha Kiswahili tangu mwaka wa kwanza.” Nikamuuliza alichokifanya chamani kwa muda huo wote. Akafikiri kidogo, akatabasamu, kisha akasema: “Nilikuwa memba tu.”

Neno hilo “tu” ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kila mwaka vyuo vikuu vinapowapokea wanafunzi wapya, vyama hupanga meza nje ya kumbi za mihadhara na kuwaita wapita njia. Kuna vyama vya kitaaluma, vya kidini, vya uigizaji, vya mijadala, vya mazingira na vya wapanda milima. Mgeni hujaza fomu tatu au nne, hulipa ada ya usajili, huingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na basi. Baada ya miezi miwili hata siku ya mkutano haijui.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 36, inampa kila mtu haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake. Tuvitazame vitenzi viwili vya mwisho. Kujiunga kunatokana na “unga”, kitenzi anachokitumia seremala anaposhikanisha mbao mbili. Kushiriki kuna asili ya Kiarabu na ni ndugu wa maneno shirika, mshirika na ushirika, ambayo yote yanabeba dhana ya kuwa na fungu katika jambo moja na wenzako. Kujiunga hutokea siku moja, saa moja, kwa sahihi. Kushiriki huchukua muda, na lazima utoe kitu.

Mama zetu wanalijua hilo vizuri kuliko wasomi. Mama anapokuambia Jumapili anaenda chama, ana maana ya mahali ambapo kila mtu huleta mchango wake, anayechelewa hupigwa faini, daftari husomwa mbele ya wote, na zamu ya kila mmoja hufika. Hakuna “memba tu” katika chama cha akina mama. Asiyechanga hana zamu.

Je, mwanafunzi achange nini zaidi ya ada? Achukue kazi. Na kwa maoni yangu, kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni ile inayokimbiwa na wengi: ukatibu.

Wengi wetu tulifundishwa kumbukumbu za mkutano katika shule ya upili kama insha ya kiuamilifu. Tulibuni waliohudhuria, tukabuni ajenda, tukabuni hata waliotuma udhuru. Chamani mkutano ni wa kweli na wasemaji wana hasira za kweli. Tuseme mtu anainuka na kufoka: “Hizi pesa zimeliwa na nani?” Katibu ataandika nini? Akiliandika neno kwa neno, ameingiza shutuma kwenye rekodi ya chama. Akiandika kwamba “suala la fedha lilijadiliwa”, ameficha jambo zito. Katibu mwerevu ataandika: “Mwanachama mmoja alitaka kufafanuliwa jinsi fedha za safari zilivyotumika. Mhazini alitakiwa kuwasilisha risiti katika mkutano ujao.” Hapo amehamisha usemi halisi hadi usemi wa taarifa, ametoka rejista ya ugomvi akaingia rejista ya ofisi, na bado ukweli haukupotea. Hakuna mtihani unaoweza kumfunza mtu hilo kama anavyofunzwa na wenzake watakaosimama wiki ijayo na kusema, “Sikusema hivyo.”

Nimewahi kuwa mlezi wa chama kimoja cha wanafunzi. Mwaka mmoja safari ya kongamano ilivunjika dakika za mwisho, na malipo ya awali ya basi hayakurudishwa. Uvumi ukaenea kwamba mhazini, kijana mtulivu asiyejua kujitetea, alikuwa amezifuja pesa hizo. Nilipoitisha kikao, nilikuta wanachama wameshaamua kumng’oa. Katibu, msichana wa mwaka wa pili, akafungua daftari na kusoma azimio la mwezi uliotangulia: wanachama wote waliohudhuria walikubali malipo ya awali yatolewe, wakijua kwamba hayangerudishwa. Majina ya waliohudhuria yalikuwepo, na aliyependekeza azimio alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele. Ukumbi ulinyamaza. Sentensi mbili za Kiswahili safi zilikuwa zimeokoa jina la mtu.

Kazi ndogo za vyama huzaa makubwa pia nje ya chuo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, USARF, ambacho Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda, alikuwa mwenyekiti wake. Mwaka 1969 wanafunzi hao walianzisha jarida waliloliita Cheche. Kuhariri, kusahihisha na kusambaza zilikuwa kazi zao wenyewe. Mwaka 1970 Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria, alichapisha humo uchambuzi mrefu kuhusu matabaka nchini Tanzania ambao ulikuja kujadiliwa na wasomi wa nchi nyingi. Chama na jarida vilipigwa marufuku mwaka huohuo. Hata hivyo, Shivji aliendelea hadi akawa mmoja wa maprofesa wanaoheshimika zaidi Afrika. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa za vijana wale, lakini huwezi kusema walikuwa memba tu.

Kwa chama cha Kiswahili kuna jambo jingine zito zaidi. Ibara ya 7 ya Katiba hiyohiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini lugha rasmi huhitaji watu wanaoweza kuendesha shughuli kwayo. Ni wahitimu wangapi wanaoweza kuongoza kikao kwa Kiswahili, wakajua akidi ni nini, hoja huungwa mkono vipi, na azimio huandikwaje? Nimehudhuria mikutano ya wanafunzi wa Kiswahili iliyofunguliwa kwa shairi tamu la Kiswahili, halafu mambo ya pesa yakajadiliwa kwa Kiingereza. Lugha ikawa ya mapambo, uamuzi ukafanywa kwingine. Tukiendelea hivyo, tusishangae ofisi za umma zikifanya vivyo hivyo, kwa kuwa watakaozikalia ni vijana hawahawa.

Basi ewe mwanafunzi mgeni, usijaze fomu tano. Chagua vyama viwili: kimoja cha taaluma yako, na kingine cha kitu unachokipenda bila kulazimishwa. Kabla ya kulipa ada, omba kuona katiba ya chama na kumbukumbu za mkutano wa mwisho. Chama kisichoweza kukuonyesha hivyo hakina cha kukufunza, labda uwe tayari kukifufua. Hudhuria mikutano miwili ukiwa msikilizaji. Katika wa tatu, inua mkono uombe kazi, hata kama ni kupanga viti au kubandika matangazo. Usikimbilie uenyekiti, mwenyekiti ambaye hajawahi kuandika kumbukumbu hajui maneno yake yanaishia wapi. Na masomo yakianza kuzorota, punguza vyama, usipunguze mihadhara.

Na yule mwanafunzi wangu? Barua nilimwandikia, kwa kuwa darasani alikuwa na bidii. Kuhusu chama niliandika kwamba alisajiliwa. Aliisoma mbele yangu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mkutano wa Alhamisi bado upo. Nikamwambia upo, na katibu anatafuta msaidizi.