Kwa Nini Kifundo Huteguka Ukishuka

Mtu anayeteguka mguu mara nyingi huwa anashuka. Anamaliza ngazi, anakosea ukingo wa barabara, au anatua baada ya kuruka kupiga mpira kwa kichwa. Kuteguka wakati wa kupanda mlima ni nadra. Sababu imo katika umbo la mfupa mmoja, na huo ndio wa kuufahamu kabla ya mengine yote.

Kifundo cha mguu kinakutanisha mifupa mitatu. Miwili inashuka kutoka gotini: mfupa mkubwa wa muundi, tibia, unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na ule mwembamba wa upande wa nje, fibula. Vinundu viwili unavyovipapasa pembeni mwa kifundo ni ncha za mifupa hiyo, na cha nje kimeshuka kuliko cha ndani. Katikati yake umeingia mfupa wa tatu, talasi, uliokalia mfupa wa kisigino.

Hakuna msuli hata mmoja uliojishikiza kwenye talasi. Kano zote zinaupita na kwenda kushika mbele, kwenye mifupa ya wayo, au nyuma kisiginoni, kama ile kano nene ya Akile inayotoka kwenye misuli ya kigimbi. Isitoshe, zaidi ya nusu ya uso wake imefunikwa gegedu, kwa hiyo mishipa ya damu haina pengi pa kupenyea. Ndiyo maana shingo ya talasi ikivunjika, tuseme katika ajali ya pikipiki, daktari wa mifupa huhofia kwamba sehemu ya nyuma itakosa damu na kufa.

Sasa tazama umbo lake. Uso wa juu wa talasi ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukiinua vidole kuelekea muundi, ule upana unaingia kati ya vinundu viwili na kujikaza kama kabari, na kifundo kinatulia. Ukielekeza vidole chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki mle, na mifupa inapata nafasi ya kuchezacheza. Mguu unaotua kutoka juu, au uliovaa kiatu cha kisigino kirefu, uko katika hali hiyo ya pili. Mifupa haiulindi tena. Ulinzi umebaki kwa ligamenti, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kwa misuli.

Upande wa ndani kuna fungu pana la ligamenti lenye umbo la pembetatu, imara sana. Upande wa nje ziko tatu, kila moja peke yake. Ile ya mbele, inayotoka fibula hadi talasi, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayovutika zaidi vidole vikielekea chini. Unyayo ukipindukia ndani, hiyo hukatika kwanza. Huko kupinduka kwenyewe hutokea zaidi kwenye kiungo cha chini yake, baina ya talasi na kisigino. Kazi kuu ya kifundo ni kuinua na kushusha wayo, takriban digrii 20 juu na 50 chini.

Je, umeteguka au umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni inayotumika hadi leo kuamua nani apigwe eksirei. Kwa kifundo, maswali ni mawili. Je, kuna maumivu ukibonyeza mfupa kwenye ncha ya kinundu au ukingo wake wa nyuma? Je, mgonjwa ameshindwa kupiga hatua nne? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, picha inahitajika. Msipuuze hili, kwa sababu kinundu kikivunjika talasi inaweza kusogea. Utafiti wa Ramsey na Hamilton wa mwaka 1976 ulionyesha kwamba talasi ikisogea nje kwa milimita 1 tu, eneo linalogusana na tibia hupungua kwa wastani wa asilimia 42. Uzito uleule unaangukia eneo dogo, na gegedu linasagika.

Kwa mteguko usio na mvunjiko, nawasihi jamaa waache kuukanda kwa maji ya moto na kuuchua kwa nguvu siku za mwanzo. Joto linafungua mishipa ya damu, na uvimbe unazidi. Funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kitambaa, kisha anza kuuchezesha mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Linalosahauliwa zaidi huja baada ya uvimbe kwisha. Ndani ya ligamenti mna miisho ya neva inayoarifu ubongo wayo umeelekea wapi, ili misuli ya upande wa nje wa mguu iuvute kabla haujapinduka. Ligamenti ikichanika, taarifa hizo hudhoofika. Mchezaji anajiona amepona, anarudi uwanjani, na anateguka palepale. Tiba yake haina gharama: simama kwa mguu mmoja kila siku karibu na ukuta, kwanza macho wazi, baadaye ukiyafumba. Jaribu pia kuchuchumaa nyayo zote zikiwa chini. Kisigino cha mguu ulioumia kikinyanyuka mapema kuliko cha mwenzake, talasi bado hairudi mahali pake vizuri, na muda wa kurudi mpirani haujafika.