Kinywe ni Mali, Elimu ni Mali Zaidi

Ardhi ya Mahenge wilayani Ulanga, na ile ya Ruangwa mkoani Lindi, imebeba kinywe, madini meusi laini ambayo tangu zamani hutengenezewa kalamu za risasi. Leo madini haya yatakiwa sana kwa kazi nyingine, nayo ni anodi: upande wa betri unaopokea na kutunza lithiamu kila betri inapotiwa umeme. Simu iliyo mfukoni mwa mfanyakazi yategemea kazi hiyo.

Kinywe kimejengwa kwa matabaka mfano wa kurasa za kitabu, na lithiamu huingia na kutoka kati yake bila ya kuzichana. Twafurahi kukumbusha kwamba mmoja wa walioonyesha jambo hili, karibu na mwaka 1980, ni Mwafrika mwenzetu: Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez nchini Morocco, akifanya kazi Grenoble, Ufaransa.

Hata hivyo kinywe kina kikomo. Silikoni, ambayo hupatikana katika mchanga, yaweza kwa hesabu kutunza kiasi cha mara kumi ya kinywe, uzito kwa uzito. Taabu yake ni kuvimba. Ikishiba lithiamu hufikia mara tatu hata nne ya ukubwa wake, ikitolewa hunywea. Mwishowe hupasuka kama ukuta wa udongo unaoloweshwa na kukaushwa kila siku. Mwaka 2008, Yi Cui na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliotesha silikoni katika umbo la nyuzi ambazo unene wake hupimwa kwa nanomita. Na nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara milioni elfu. Nyuzi hizo zilipata nafasi ya kuvimba bila ya kuvunjika. Silikoni ilikuwa ni ile ile. Lililobadilika ni umbo. Gharama bado ni kubwa, ndiyo maana viwanda huchanganya silikoni kidogo na kinywe kingi.

Funzo hilo latuhusu. Kinywe hakitoki mgodini na kuingia katika betri hivi hivi. Sharti kisafishwe hadi kufikia kiasi cha asilimia 99.95, kifanywe chembe za mviringo, kisha kivikwe kaboni. Sehemu kubwa mno ya kazi hiyo hufanyika China, na faida hubaki inakofanyika kazi.

Enzi za ukoloni tuliuza katani, wengine wakasokota kamba. Tuliuza pamba, wengine wakafuma nguo, nasi tukainunua. Je, tuuze na kinywe vivyo hivyo, kisha tununue betri?

Wahenga walinena: akili ni mali. Basi maabara za shule zetu zisiwe vyumba vya kufungiwa kwa kufuli. Kila mzazi mfanyakazi amhimize mwanawe, wa kiume na wa kike, ajifunze kemia. Mlima hauna ujuzi. Ujuzi ni wa watu, na watu ndio sisi.