Mombasa Mpya na Mji wa Kale: Matumaini na Shaka Kuhusu Kufufuliwa kwa Halo

Utangulizi

Bunilizi za kisayansi hazijapata nafasi pana katika fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi anayetakiwa kutaja moja huenda akaanza na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, ambamo Dzombo anasafiri hadi sayari nyingine, kisha akasita. Hata hivyo, kisiwa cha Mombasa kimekuwamo katika bunilizi ya aina hiyo tangu mwaka 2004. Bunilizi yenyewe si riwaya wala tamthilia, bali ni mfululizo wa michezo ya video uitwao Halo, ulioanzishwa Marekani na kampuni ya Bungie mwaka 2001.

Mnamo Oktoba 2025, watengenezaji wa sasa wa mfululizo huo, Halo Studios, walitangaza kuwa mchezo wa kwanza ungeundwa upya kwa jina la Halo: Campaign Evolved na kutolewa mwaka 2026. Tangazo hilo liliamsha matumaini na shaka miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu. Makala haya yananuia kueleza pande zote mbili, na kuonyesha ni kwa nini suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili.

Kisiwa katika Mchezo

Halo inasimulia vita vya karne ya 26 baina ya binadamu na muungano wa viumbe kutoka sayari nyingine. Shujaa wake ni askari aitwaye Master Chief, ambaye uso wake hufunikwa na kofia ya chuma wakati wote. Katika Halo 2, iliyotoka Novemba 2004, vita vinafika duniani mwaka 2552, na mahali vinapofikia ni Mombasa. Mchezaji hupigana kwanza katika vichochoro vya Mombasa ya kale, kisha huvuka daraja refu akiwa ndani ya kifaru na kuingia Mombasa Mpya, mji wa maghorofa wenye mnara unaopanda hadi angani. Halo 3 (2007) inampeleka Tsavo na Voi, nayo Halo 3: ODST (2009) inamrudisha mchezaji Mombasa Mpya usiku, akiwa askari mpweke anayewatafuta wenzake.

Uteuzi wa Mombasa una mantiki ya kisayansi. Setilaiti inayoonekana kutulia juu ya mahali pamoja huizunguka dunia juu ya mstari wa ikweta, kwa kimo cha takriban kilomita 36,000. Kwa hiyo lifti ya kwenda angani, endapo itawahi kujengwa, ingefaa iwe karibu na ikweta. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa mstari huo, na tangu jadi ni bandari. Mji uliopokea majahazi ya msimu unageuzwa kuwa bandari ya vyombo vya angani.

Majina na Majazi

Sehemu za ODST zimepewa majina yanayomgusa msomaji wa Mombasa moja kwa moja: kuna barabara pana ya Kizingo na kituo cha reli cha Kikowani. Kizingo na Kikowani ni mitaa halisi ya kisiwa hicho. Kuna pia uwanja uitwao Tayari. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili hutabasamu, kwani neno hilo limeokotwa kamusini bila ya kuzingatia jinsi wenyeji wanavyovipa viwanja vyao majina.

La kuvutia zaidi ni jina la Dakta Daniel Endesha na bintiye Sadie. Endesha si jina la ukoo lililozoeleka. Ni kitenzi enda katika kauli ya kusababisha. Lakini daktari huyo ndiye mlezi wa akili bandia inayoendesha shughuli zote za mji. Liwe limekusudiwa au limetukia tu, jina hili linaangukia katika mbinu ya majazi, yaani kumpa mhusika jina linaloafiki kazi au tabia yake. Ndiyo mbinu aliyoitumia Mkangi alipounganisha maneno matatu, wale ni sisi, na kuunda jina la sayari.

Matumaini

Mchezo wa kwanza hauna Mombasa ndani yake. Matumaini ya mashabiki wa pwani yanategemea hatua inayofuata: wa kwanza ukifanikiwa, huenda wa pili nao ukaundwa upya, na hapo ndipo kisiwa kitakapopata sura mpya. Mitambo ya leo inaweza kuonyesha yale ambayo ile ya mwaka 2004 haikuyamudu: milango ya nakshi, roshani za mbao, minara ya misikiti na kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593.

Aidha, historia inaonyesha kuwa kufufua kunawezekana. Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, ilianza mwaka 1963, ikasimamishwa mwaka 1989, kisha ikarejea kwa kishindo mwaka 2005. Warejeshaji wake walihifadhi kiini cha hadithi na kubadilisha namna ya kuisimulia.

Shaka

Fauka ya matumaini hayo, zipo sababu za kutahadhari. Kwanza, waanzilishi hawapo tena: Bungie waliagana na mfululizo huu baada ya Halo: Reach (2010), na kazi ikachukuliwa na studio nyingine. Pili, tamthilia ya televisheni ya Halo iliyoanza mwaka 2022 ilifutwa mwaka 2024 baada ya misimu miwili. Wengi walilalamika kuwa Master Chief alivuliwa kofia katika kipindi cha kwanza tu, ilhali kufichwa kwa uso wake ndiko kulikomwezesha kila mchezaji kujiona ndani yake.

Shaka ya tatu ni ya Mombasa hasa. Mombasa ya kale ya Halo 2 ni vichochoro na kuta za rangi ya mchanga ambazo zingeweza kuwa za mji wowote wa nchi kavu yenye joto. Raia hawaonekani, na Kiswahili hakisikiki midomoni mwa wenyeji. Mji umekopeshwa jina, lakini watu wake wameachwa nje. Desturi hii si ngeni: jina la Uhura katika Star Trek (1966) lilitokana na neno uhuru, na The Lion King (1994) ikachukua simba na rafiki. Maneno husafiri, wasemaji hubaki nyumbani.

Hata hivyo, si lazima iwe hivyo. Filamu ya Black Panther (2018) iliwapa wahusika wake Kixhosa wakizungumze, na watazamaji wa dunia nzima wakakisikiliza. Mombasa ina utajiri wa namna hiyo. Jina la barabara kuu ya Mji wa Kale, Ndia Kuu, limehifadhi lahaja ya Kimvita, ambamo njia huitwa ndia. Kibao kimoja chenye maandishi hayo, au muuza kahawa mmoja anayeonya kwa Kimvita kuwa adui yuko nyuma ya msikiti, kingemwambia mchezaji mengi kuliko maghorofa mia.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mashabiki wa kwingineko wataupima ufufuo wa Halo kwa uchezekaji wake na uaminifu wake kwa hadithi ya awali. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo kingine: je, mwenyeji yumo? Jibu halimo mikononi mwa studio za ng'ambo pekee. Maadamu wataalamu wa lahaja, wafasiri na watunzi chipukizi wapo vyuoni, wanaweza kuandika Mombasa ya mwaka 2552 wao wenyewe, pasipo kungoja ruhusa. Mkangi alikwisha kuonyesha njia: Dzombo alipofika katika sayari ngeni, alikuta wenyeji, na akazungumza nao.