Moshi Unaorudi Ndani: Namna ya Kuwasha Jiko la Kuni Lenye Dohani



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mpishi amelijua kwa machozi yake, nalo ni moshi unaojaa chumbani wakati wa kuwasha jiko la kuni. Nitatwaa mfano wa Songwa, katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui. Nchi ile iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi. Mama huamka kungali giza, huufunga mlango ili baridi isiingie, hupanga kuni zake, huwasha, hupuliza. Mara moshi wote humrudia usoni. Naye analo jiko jema la udongo, lenye dohani iliyopita juu ya paa! Hapo wengi husema, "Fundi alitudanganya, dohani hii haivuti."

Pengine fundi alidanganya kweli, maana mafundi wa namna hiyo wapo. Lakini mara nyingi fundi hana hatia.

Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda. Hewa ya baridi ni nzito, nayo hushuka. Usiku kucha dohani imekaa bila moto. Udongo wake umepoa, na hewa iliyomo ndani yake imepoa pia, ikawa kama kizibo katika shingo ya chupa. Sasa kuni zinapoanza kushika, moshi wake wa kwanza una joto dogo mno, wala hauna nguvu ya kuisukuma hewa ile nzito. Mtu wa Shinyanga atanielewa upesi nikimwambia afikiri kundi la ng'ombe wanaorudi jioni. Ng'ombe wa kwanza akisimama mlangoni pa zizi, wote walio nyuma hugeuka na kutawanyika. Ndivyo ufanyavyo moshi: ukikuta mlango umezibwa, hugeuka na kutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mdomo wa jiko.

Basi yafaa kufungua mlango wa zizi kabla ya kuleta kundi, yaani kuipasha moto dohani kabla ya kuwasha kuni. Kwanza zoa majivu ya jana. Kisha twaa konzi ya nyasi kavu, au maganda makavu ya mahindi, au karatasi moja ya gazeti kuukuu, uwashe, na uisogeze ndani hata pale dohani inapoanzia. Jiko lililojengwa vema huwa na kidirisha kidogo mahali hapo, cha kutolea masizi. Kama kipo, washia hapo kisha ukifunge. Nyasi huwaka kwa ghafula na kutoa joto jingi kwa moshi mchache. Dakika moja au mbili zatosha. Utasikia mvumo mdogo katika dohani: hewa imeanza kupanda.

Usiamini sikio peke yake. Shika ukoka mmoja unaofuka mbele ya mdomo wa jiko, uutazame moshi wake. Ukiinama kuingia ndani, washa vijiti vyako. Ukiinama kuja kwako, rudia kuipasha dohani.

Jambo la pili ni mlango. Dohani haiwezi kutoa hewa nje ikiwa hakuna hewa inayoingia chumbani. Kwa hiyo mama yule aliyefunga kila kitu kwa ajili ya baridi amelinyima jiko lake pumzi. Afungue kidogo mlango au dirisha, lakini upande ule upepo unakotoka. Wakati wa kiangazi, upepo wa huko hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Akifungua upande wa pili, upepo unaopita nje huivuta hewa ya chumba, na moshi huandamana nayo.

Nimesema washa vijiti, sikusema magogo. Moshi ni sehemu ya kuni isiyopata kuungua. Gogo bichi hupoteza joto la moto kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na wakati huo hufuka tu. Anza na vijiti vyembamba, au miti mikavu ya pamba, kisha ongeza kuni kubwa moto ukisha kukolea. Najua kwamba ni rahisi kuyasema haya. Shinyanga ilipoteza misitu yake kwa miaka mingi, hata serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986. Na palipo na uhaba wa miti, mtu hupika kwa kile alichokipata leo, hata samadi ya ng'ombe. Walakini mzigo wa kuni uliowekwa darini au chini ya upenu kwa majuma machache si sawa na ule uliotoka porini asubuhi.

Je, haya yote ni kwa ajili ya kikohozi tu? Kikohozi chenyewe si kidogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Lakini katika nchi ya Wasukuma moshi umeleta msiba mwingine. Mwanamke aliyepika miaka arobaini juu ya kuni mbichi na samadi huzeeka na macho mekundu. Wako watu waliosema kwamba macho hayo ni alama ya uchawi, na bibi wazee wakauawa kwa mapanga. Hesabu ya serikali ilipata watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi hiyo. Wekundu ule ulitoka jikoni, mahali walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu, labda na wale wale waliowanyoshea kidole.

Kwa hiyo jiko la bibi ndilo litengenezwe kwanza. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa hufaa kuliko udongo mweusi wa mbuga, ambao hupasuka ukikauka, na kila ufa ni njia ya moshi. Kichwa cha dohani kipite kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi, tena kisigusane na nyasi za paa. Na mara moja kwa mwezi, jiko likiwa limepoa, funga fundo la katani kwenye kamba yenye jiwe, ulishushe kutoka juu na kulivuta mara tatu nne. Masizi yatakayoanguka yatajaza sufuria.