Safari ya Baiskeli Pande za Lamadi

Lamadi ni mji mdogo wa wilaya ya Busega, katika mkoa wa Simiyu. Upande wa magharibi ipo Ghuba ya Speke, nayo ni mkono wa Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki ni nyanda ziendazo hata Serengeti. Njia kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, mpakani mwa Kenya, hupita mjini. Tena hapo hapo huanza njia nyingine ya kwenda Bariadi, mwendo wa kilometa sabini na zaidi. Kwa hiyo mabasi, malori na pikipiki hupita mchana na usiku. Lakini mtu akiiacha lami na kuingia njia ya vijiji kwa baiskeli, baada ya muda si mrefu hasikii kitu ila mnyororo wa baiskeli yake, njiwa mitini, na kengele za ng'ombe malishoni.

Labda msomaji atauliza: kwa nini mtu aiache njia nyororo ya lami, akafuate kijia chenye mchanga na miiba? Jibu lake ni la hesabu. Basi liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Mwenye baiskeli huenda kilometa 15 kwa saa, yaani mita nne tu kwa sekunde. Basi lililo mita mia nyuma yake litamfikia kabla ya sekunde sita kwisha. Katika muda huo dereva amwone, apunguze mwendo, atazame kama mbele hakuna gari lijalo, kisha ampishe. Akichelewa kidogo, hakuna nafasi ya pili. Naye mwenye baiskeli, akiwa amefunga gunia la dagaa nyuma, hawezi kugeuka upesi wala kutazama nyuma bila kuyumba. Shirika la Afya Duniani lilitangaza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Basi anayechagua kijia hachagui starehe tu; huchagua kufika.

Hata hivyo si kila kijia kinafaa. Mpanda baiskeli ni mashine na mkokotaji wa mashine kwa pamoja, na adui yake mkubwa ni mlima. Mahali tambarare na pagumu, mtu wa nguvu za kawaida huenda mara tatu ya mwendo wa mtembea kwa miguu, wala hachoki kuliko yeye. Mlima ukianza, faida hiyo hupungua, maana sasa hujipandisha mwenyewe pamoja na chuma chake na mzigo wake. Ndiyo sababu wajuao safari za baiskeli hupenda mabonde ya mito. Maji hayapandi, hutafuta daima mahali pa chini, na katika miaka elfu nyingi hujichongea njia ya mteremko mdogo. Afuataye mto hufuata kazi ambayo maji yamekwisha kuifanya.

Wafaransa wameitumia sana kanuni hii. Kando ya Loire, mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, wameweka njia ya baiskeli ya kilometa 900 hivi, ifikayo mpaka bahari ya Atlantiki. Mahali pengine hutumia vijia vya kando ya mifereji, ambako zamani farasi na watu walivuta mashua kwa kamba. Pengine tena hutumia matuta ya reli za zamani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza penye mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walitafuta mabonde na kusawazisha miinuko. Magari ya moshi yalipoacha kupita na reli kung'olewa, lilibaki tuta tambarare, ambalo halikufaa kitu ila kwa baiskeli na miguu. Njia ya namna hii kati ya Givry na Cluny, katika nchi ya Burgundy, ilifunguliwa mwaka 1997, na magari yamekatazwa humo. Watu huja kutoka mbali na baiskeli zao, wakiwa na wazee na watoto, ili wapate kwenda polepole.

Njia za Lamadi hazikujengwa na wahandisi. Zimekanyagwa na miguu ya watu na kwato za ng'ombe, nazo huenda kisimani, shambani, mnadani na ziwani. Mkulima akilima mpaka ukingoni, njia husogea. Asiposogezwa mtu yeyote kwa maneno, hupotea kabisa. Na azipitaye kwa baiskeli hana budi kujua udongo, elimu ambayo Wasukuma wanayo tangu zamani. Juu, chini ya mawe makubwa ya vilima, ni mchanga uitwao isanga, na chini yake luseni, mwepesi na mzuri kwa mihogo na karanga. Gurudumu huzama humo. Heri kupunguza upepo kidogo katika mipira, ili ikanyage kwa upana, au kushuka na kusukuma; wala kusukuma si aibu. Ukiteremka zaidi unafika itogolo, udongo mgumu wa malisho. Wakati wa kiangazi huwa kama sakafu, na hapo baiskeli huimba. Chini kabisa, karibu na mito, ni mbuga, yaani udongo mweusi mzito. Mvua ikinyesha hunata katika magurudumu hata yasizunguke, na mwenye baiskeli hugeuka kuwa mbebaji wa baiskeli. Jua likiwaka hupasuka nyufa ndefu, na ufa ulio sawasawa na njia hulikamata gurudumu la mbele na kumwangusha mtu. Nyufa hukatwa kwa mshazari, hazifuatwi.

Kwa sababu hiyo miezi ya safari ni Juni mpaka Septemba. Shida ya miezi hiyo ni mbigili, mmea utambaao chini, wenye mbegu za miiba migumu. Msafiri huchukua pampu, kiraka, gundi na kipande cha msasa. Mpira ukitoboka, huutoa, huujaza upepo na kuuzamisha katika beseni la maji. Mapovu ndiyo yanayoonyesha tundu. Kabla ya kuurudisha, hupapasa ndani ya tairi kwa vidole, kwa kuwa mwiba uliosahauliwa humo utatoboa tena kabla ya kilometa moja. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, ndiye aliyetengeneza mpira wa upepo wa baiskeli mwaka 1888. Huko hapakuwa na mbigili.

Tena upo upepo. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na hupoa upesi kuliko maji. Mchana hewa ya moto ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwa huja kuchukua mahali pake. Usiku mambo hugeuka, na upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani hata asubuhi. Kwa hiyo mara nyingi atokaye bara kwenda ufukoni alfajiri husukumwa mgongoni, na akirudi alasiri na mzigo wake wa samaki husukumwa tena. Mwenye kuondoka saa sita hupigwa na upepo usoni akienda, na huenda akarudi gizani.

Na giza lina wenyewe. Mto Mbalageti hutoka Serengeti na kuingia ziwani si mbali na Lamadi, karibu na lango la Ndabaka. Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na si mahali pa kutembelea kwa baiskeli. Lakini wanyama hawasomi vibao, na wengine hutoka kutafuta maji na mazao. Mtoni wamo mamba, kwa hiyo haoshi mtu baiskeli yake ukingoni, hata ikiwa na matope mengi. Kiboko naye hulala majini mchana kutwa. Jua likitua hupanda kwenda kula majani, akifuata vijia vile vile vya wazi ambavyo baiskeli hupita. Anayesimama kati yake na maji yumo hatarini, kwa maana kiboko akishtuka hukimbilia majini kwa njia iliyo fupi. Wachuuzi wanaojua jambo hili hufunga mizigo yao ufukoni mapema, na saa kumi alasiri wamekwisha kupanda baiskeli, upepo wa ziwa ukiwa nyuma yao.