Sikiza Kwanza, PIN Baadaye: Kununua Spika Nzuri kwa Bajeti Ndogo

Tuseme una kinyozi kwenye soko dogo huko Lambwe, upande wa Mbuga ya Ruma. Kila siku umekuwa ukiweka shilingi 50 kwenye simu, na baada ya siku 60 zimefika 3,000. Unataka spika ndogo ya Bluetooth ili mteja akikaa kwenye kiti asikie redio au benga kidogo. Unapanda gari hadi Homa Bay, unaingia dukani, na muuzaji anakuonyesha boksi limeandikwa "Wati 100, Super Bass". Taa zinawaka rangi zote. Bei ni 2,800.

Ngoja kwanza. Akiba ya karibu miezi miwili inaweza kutoka kwa simu yako kwa sekunde chache tu. Kabla ya kuweka PIN, fanya haya.

Usidanganywe na wati

Namba kubwa kwenye boksi si sauti. JBL Go 3, spika ndogo inayojulikana sana, imeandikwa na watengenezaji wake kuwa na wati 4.2 tu. Sasa spika ya ukubwa huohuo ikidai wati 100, jiulize hizo wati zimekaa wapi. Tafuta namba iliyo karibu na herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaweza kutoa mfululizo, si ya kupasuka mara moja tu.

Hata wati za kweli haziongezi sauti vile watu wanavyodhani. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inahitaji kupanda takriban mara 10. Kwa hivyo usiongeze shilingi 1,000 kwa sababu moja ni wati 5 na nyingine ni wati 8. Afadhali ile yenye sauti safi.

Ijaribu kwa wimbo unaoujua

Usikubali wimbo wa muuzaji. Unganisha simu yako na ucheze wimbo wako. Benga ni kipimo kizuri: gita la solo liko juu, besi iko chini, mwimbaji yuko katikati.

Anza na sauti ya chini. Je, maneno yanasikika? Panda hadi nusu. Je, unaweza kufuata gita la besi, ama ni mngurumo tu? Kisha panda hadi karibu na mwisho. Ikianza kukwaruza au boksi kutetemeka kama debe, hiyo utaichoka baada ya wiki moja.

Iondoe pia kwenye kona ya rafu. Spika ikikaa karibu na ukuta, besi huonekana nzito kuliko ilivyo. Iweke katikati ya meza, rudi hatua kadhaa nyuma, usikize tena. Ukilinganisha mbili, hakikisha zote ziko kwa sauti sawa, maana ile inayopiga kelele zaidi hudanganya sikio kuwa ndiyo bora.

Betri, stima na bando

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za sauti ya wastani. Ukifungulia hadi mwisho, zitapungua. Kama stima hupotea kwenu au unatumia sola, chagua inayochajiwa na waya sawa na wa simu yako.

Angalia kama ina redio ya FM na mahali pa memori kadi. Vitu hivi viwili vinakuokolea bando, kwa sababu utacheza muziki mchana kutwa bila intaneti. Kama utaibeba kwa boda au ziwani, tafuta alama ya IPX7 au IP67: inamaanisha imepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30.

Sasa lipa, lakini kwa mpango

Umeridhika? Sema ufunguliwe boksi utakalobeba wewe, na ujaribu hiyo yenyewe. Spika ya maonyesho inaweza kuwa tofauti na utakayopewa.

Lipa kwa Till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa, "Tuma tu kwa namba ya huyu kijana," uliza kwa nini. Kwa spika uliyoiona mtandaoni, usitume pesa kabla ya kuiona na kuisikia. Kubaliana kulipa mzigo ukifika.

Kumbuka hili: ukikosea namba wakati wa kutuma kwa M-Pesa, unaweza kuforwadi ile SMS kwa 456 haraka kuomba pesa zirudishwe. Huduma hiyo ni ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haikuwekwa kwa ajili ya spika iliyokufa baada ya siku tatu.

Kwa hivyo omba risiti yenye jina la spika, tarehe na muda wa waranti, kisha uitunze pamoja na SMS ya malipo. SMS inaonyesha ulimlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Haionyeshi ulinunua nini.

Na kama spika ya 2,800 imekataa mtihani wa benga, rudi nyumbani na pesa zako. Zikiwa bado kwa simu, wewe ndiye unachagua.